Namba Iliyomponyoka Fermat: Mhadhara juu ya 4,294,967,297



Nimeandika namba moja ubaoni, nayo itakaa hapo mpaka tutakapoachana: 4,294,967,297. Jioni hii sina mada nyingine. Mtu akiamua kuhesabu kuanzia moja hadi aifikie, kila sekunde namba moja, usiku na mchana bila kulala, itamchukua zaidi ya miaka 136. Lakini sikuichagua kwa ukubwa wake. Benki na kampuni za simu hushika namba kubwa kuliko hii kila siku, na hakuna anayeziitishia mhadhara. Nimeichagua kwa sababu mmoja wa wanahisabati wakubwa waliowahi kuishi aliitolea kauli, kauli hiyo ikadumu miaka 92, kisha ikaangushwa kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya kwa penseli. Nataka tuifanye hapa pamoja, hatua kwa hatua, ili kila mmoja aondoke ameiona kwa macho yake.

Tukumbushane kwanza. Namba tasa ni namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Namba 2, 3, 5, 7 na 11 ni tasa. Wengi hudhani 91 nayo ni tasa, kumbe ni 7 mara 13. Kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama imejengwa kwa kuzidisha namba tasa, na imejengwa hivyo kwa njia moja tu. Ndiyo maana mtu wa hesabu akikutana na namba kubwa asiyoijua, jambo la kwanza analotaka kujua ni vigawo vyake.

Sasa tuchukue bao. Bao letu la Kiswahili lina safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Na kete zake ni 64. Weka kete moja katika shimo la kwanza, mbili katika la pili, nne katika la tatu, nane katika la nne, kila shimo mara mbili ya lililotangulia. Ukimaliza shimo la sita umeshatumia kete 63. Mkononi imebaki moja, na shimo la saba linadai 64. Tuseme kete hazitakwisha, tuendelee. Safu ya kwanza ikijaa, jumla yake ni 255. Safu mbili zikijaa, jumla ni 65,535. Na bao zima likijaa mpaka shimo la 32, kete zote ni 4,294,967,295. Namba yetu ya ubaoni inazidi jumla hiyo kwa 2.

Jumla ya bao ni namba ya kupendeza sana, na lazima niwaonyeshe ndani yake kuna nini kabla hatujamgusa jirani yake. Ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara 32, yaani 2 kwa kipeo cha 32, ukatoa 1. Mnakumbuka kanuni ya tofauti ya miraba miwili: kipeo cha pili cha namba fulani, ukitoa 1, ni sawa na namba hiyo ukitoa 1, mara namba hiyo ukijumlisha 1. Kwa kuwa 4,294,967,296 ni mraba wa 65,536, jumla ya bao ni 65,535 mara 65,537. Lakini 65,536 nayo ni mraba wa 256, kwa hiyo 65,535 ni 255 mara 257. Na 256 ni mraba wa 16, basi 255 ni 15 mara 17. Na 16 ni mraba wa 4, basi 15 ni 3 mara 5. Tukikusanya vipande vyote, kete za bao zima ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Zitazameni namba hizo tano. Kila moja inazaa inayofuata kwa mtindo uleule: toa 1, zidisha kilichobaki kwa chenyewe, rudisha 1. Kutoka 3 tunapata 2 mara 2 jumlisha 1, yaani 5. Kutoka 5 tunapata 17. Kutoka 17 tunapata 257, kutoka 257 tunapata 65,537. Na kutoka 65,537 tunapata 65,536 mara 65,536 jumlisha 1. Hiyo ndiyo namba yetu, 4,294,967,297, ya sita katika ukoo huu. Desturi ni kuanza kuzihesabu kwa sifuri, kwa hiyo 3 ni F0, 5 ni F1, na yetu huitwa F5. Herufi F ni ya Fermat.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria na mjumbe wa mahakama kuu ya Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Hisabati hakuajiriwa kuifanya. Aliifanya baada ya kazi na kuwaandikia wenzake barua juu ya aliyoyaona. Mwaka 1640 alimwandikia Frenicle de Bessy kwamba anaamini namba zote za ukoo huu ni tasa. Alikiri kwamba uthibitisho kamili hana, ila aliamini kwa nguvu. Na tukiwa waadilifu tutakubali kwamba alikuwa na sababu. 3 ni tasa, 5 ni tasa, 17 ni tasa, 257 ni tasa. Hata 65,537 ni tasa. Namba tano mfululizo, zinazokua kwa kasi ya kutisha, na zote tasa! Ni wangapi kati yetu wasingeamini?

Kauli ya Fermat ilifufuliwa na Christian Goldbach. Tarehe 1 Desemba 1729 alimwandikia kijana aliyekuwa Saint Petersburg, Leonhard Euler, na mwishoni mwa barua akamuuliza kama anajua kwamba Fermat alidai namba hizi zote ni tasa. Euler alikuwa na umri wa miaka 22. Mwanzoni hakuvutiwa sana. Goldbach akaendelea kumchokoza. Mwaka 1732, Euler akiwa na miaka 25, akatoa jibu: 4,294,967,297 inagawanyika kwa 641.

Hebu tulikague jibu hilo. Hatuhitaji hata kuigusa namba kubwa yenyewe, tutashughulika na mabaki tu. Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe, ni 4. Tena, 16. Tena, 256. Tena, 65,536. Sasa 65,536 ukiigawanya kwa 641 unapata 102 na baki 154, kwa kuwa 641 mara 102 ni 65,382. Chukua hilo baki 154, lizidishe kwa lenyewe, unapata 23,716. Gawanya kwa 641: mara 36 ni 23,076, na baki ni 640. Maana yake ni kwamba 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa 641, inabakiza 640. Ongeza 1 na baki linakuwa 641, yaani hakuna baki. Kazi imekwisha. Mtakaotaka kuhakikisha kwa kuzidisha, 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili.

Kuna njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo, nayo naipenda zaidi kwa sababu haina kugawanya hata kidogo. Namba 641 ina sura mbili. Kwanza ni 5 mara 128, ukijumlisha 1, na 128 ni 2 kwa kipeo cha 7. Pili ni 625 jumlisha 16, yaani 5 kwa kipeo cha 4 jumlisha 2 kwa kipeo cha 4. Sura ya kwanza inatuambia kwamba, tukihesabu kwa mabaki ya 641, 5 mara 2 kwa kipeo cha 7 ni sawa na kutoa 1. Tuipandishe kwa kipeo cha 4: 5 kwa kipeo cha 4, mara 2 kwa kipeo cha 28, ni sawa na 1. Sura ya pili inatuambia 5 kwa kipeo cha 4 ni sawa na 2 kwa kipeo cha 4 yenye alama ya kutoa. Badilisha moja kwa nyingine: 2 kwa kipeo cha 32, yenye alama ya kutoa, ni sawa na 1. Basi 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1 ni sifuri. Sura mbili za 641 zimekutana, na kauli ya Fermat imeanguka.

Mtaniuliza: Euler aliipataje 641 katika msitu wote ule? Mtu anayetafuta kigawo cha namba yetu kwa kujaribu namba tasa moja moja anapaswa kuwa tayari kwenda mpaka 65,536, kwa kuwa ndiyo takriban kipeuo chake cha pili. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Katika safu hiyo 641 ni ya 116, kwa hiyo hata mtu asiye na maarifa yoyote angeifikia kwa kujaribu mara 116. Lakini Euler alijua njia fupi mno, ambayo alikuja kuieleza wazi miaka ya baadaye.

Fikirini kuna namba tasa, tuiite p, inayogawanya 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yakigawanywa kwa p huzunguka: yanaanza na 1, yanakwenda, na mwisho yanarudi 1. Mzunguko una urefu gani? Kipeo cha 32 kinabakiza p kutoa 1, ambayo kwa mabaki ni sawa na kutoa 1. Kipeo cha 64 basi kinabakiza 1. Kwa hiyo urefu wa mzunguko unagawanya 64. Ungekuwa mfupi kuliko 64 ungegawanya 32, na kipeo cha 32 kingebakiza 1, jambo ambalo tumeshaona si kweli. Urefu ni 64 kamili. Halafu kuna kanuni isemayo kwamba kwa namba tasa yoyote witiri p, 2 kwa kipeo cha p kutoa 1 inabakiza 1. Basi 64 lazima igawanye p kutoa 1. Kwa lugha nyepesi, kila kigawo tasa cha namba yetu, kikihesabiwa kwa mafungu ya 64, kinabakiza 1.

Sasa msitu umefyekwa. Namba za aina hiyo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Zilizo tasa humo ni 193, 257, 449, 577 na 641 tu. Ya tano ndiyo yenyewe! Mwaka 1878 Édouard Lucas alionyesha kwamba tunaweza kwenda mbali zaidi, na kwamba vigawo lazima vibakize 1 kwa mafungu ya 128. Kwa kanuni ya Lucas zinabaki 257 na 641 pekee. Na 257 tunaweza kuiondoa bila kugawanya, kwa sababu ni moja ya vigawo vya bao. Inagawanya 4,294,967,295, na namba inayozidi hiyo kwa 2 haiwezi kuigawanya pia, la sivyo ingegawanya 2. Kwa hiyo mwenye kanuni ya Lucas anajaribu namba moja tu, na jaribio la kwanza ni sahihi.

Hapa kuna jambo linalonigusa kila ninapolifundisha. Ile kanuni ya 2 kwa kipeo cha p kutoa 1, iliyotuwezesha kufyeka msitu, ni ya nani? Ni ya Fermat mwenyewe. Aliiandika katika barua kwa Frenicle huyohuyo, mwezi Oktoba, mwaka uleule wa 1640. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Tena namba yenyewe ina hila. Kanuni ya Fermat inatupa kipimo: ukitaka kujua kama namba witiri ni tasa, pandisha 2 kwa kipeo cha namba hiyo kutoa 1, ugawanye, uangalie baki. Likiwa si 1, namba hiyo hakika si tasa. Likiwa 1, unaweza kushawishika kuiamini. Tuipime namba yetu. Kipeo chake ni 4,294,967,296, ambayo ni kigawe cha 64. Tumeshaona kipeo cha 64 kinabakiza 1, basi na hiki kinabakiza 1. Namba yetu inafaulu kipimo hicho huku si tasa! Na si yenyewe tu: kila namba ya ukoo wa Fermat, tasa au isiyo tasa, itafaulu kipimo cha 2. Mwanafunzi akumbuke kwamba kufaulu mtihani mmoja uliopangwa vibaya hakumpi mtu shahada.

Kipimo cha kweli kilipatikana mwaka 1877, na kilitoka kwa Mfaransa Théophile Pépin. Badala ya 2 tumia 3. Pandisha 3 kwa kipeo ambacho ni nusu ya namba yetu kutoa 1. Kama namba ni tasa, baki litakuwa namba yenyewe kutoa 1, na kama si tasa haliwezi kuwa hivyo. Kwa F5 baki lingepaswa kuwa 4,294,967,296. Linalopatikana ni 10,324,303. Hukumu imetoka, na hatujaonyesha kigawo hata kimoja. Nitairudia nguvu ya kipimo hiki baadaye kidogo.

Bado hatujaitazama 6,700,417, yule mwenzake 641. Je, nayo ni tasa? Kila kigawo chake ni kigawo cha namba yetu, kwa hiyo kinatii kanuni ileile ya 128. Kipeuo chake cha pili kinapungua kidogo kuliko 2,589. Namba tasa zinazobakiza 1 kwa mafungu ya 128, chini ya hapo, ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Nimezijaribu kwa mkono, na mabaki yake kwa mfuatano huo ni 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna sifuri. Basi 6,700,417 ni tasa, na kazi ya kuivunja 4,294,967,297 imekamilika: vigawo vyake tasa ni viwili, na havitakuja kupatikana vingine.

Niwaonyeshe sasa kitu ninachokihesabu kuwa kizuri kupita vyote katika namba hii. Kwa namna ilivyoundwa, ni jumla ya miraba miwili: mraba wa 65,536 na mraba wa 1. Euler alithibitisha kwamba namba tasa haiwezi kuandikwa kuwa jumla ya miraba miwili kwa zaidi ya njia moja. Namba yetu si tasa, na kweli ina njia ya pili: mraba wa 62,264 ni 3,876,805,696, mraba wa 20,449 ni 418,161,601, na ukivijumlisha unapata 4,294,967,297.

Njia hizo mbili zikiwekwa pamoja zinafichua vigawo. Toa 62,264 kutoka 65,536, unapata 3,272. Toa 1 kutoka 20,449, unapata 20,448. Zote mbili zinagawanyika kwa 8: ya kwanza inakuwa 409, ya pili 2,556. Sasa jumlisha miraba yake. Mraba wa 409 ni 167,281. Mraba wa 2,556 ni 6,533,136. Jumla ni 6,700,417! Yule mkubwa ametokea mwenyewe. Na 641, ambayo ni mraba wa 25 jumlisha mraba wa 4, ndiyo iliyoshona njia hizo mbili: 25 mara 2,556 ni 63,900, na 4 mara 409 ni 1,636, ukijumlisha unapata 65,536, ukitoa unapata 62,264. Mwenye penseli amalizie upande wa pili kwa 25 mara 409 na 4 mara 2,556, aone 1 na 20,449 zikitoka. Mimi huiacha sehemu hiyo kwa wanafunzi kila mwaka kwa makusudi, maana furaha ya kuiona namba ikitokea chini ya kalamu yako haielezeki kwa mdomo.

Jambo hili la vigawo lina uzito hata nje ya hesabu za kugawanya. Machi 1796 kijana wa Kijerumani, Carl Friedrich Gauss, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba poligoni yenye pande 17 zilizo sawa na pembe zilizo sawa inaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Tangu enzi za Wagiriki watu walijua kuchora pembetatu na pembetano, na kuzidisha pande zake kwa mbili, lakini hakuna aliyefikiria 17. Mwaka 1801 Gauss alieleza kanuni katika kitabu chake, na mwaka 1837 Pierre Wantzel akakamilisha uthibitisho: poligoni ya aina hiyo yenye pande witiri huchorwa kwa rula na bikari endapo tu idadi ya pande zake ni namba tasa ya Fermat, au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Johann Hermes alitumia zaidi ya miaka 10 kuandika namna ya kuchora poligoni ya pande 65,537, na mswada wake umehifadhiwa Göttingen.

Sasa rudini kwenye bao. Namba tasa za Fermat tunazozijua ni zilezile tano, vigawo vya 4,294,967,295. Poligoni zote za pande witiri zinazojulikana kuchoreka ni 31, na idadi ya pande za kila moja ni kigawo cha jumla ya bao. Kubwa kupita zote ina pande 4,294,967,295 kamili. Ongeza pande 2 tu, ufike kwenye namba yetu, na rula na bikari hazina uwezo tena. Hata pande 641 haziwezekani. Majirani wawili, tofauti yao ni mbili, na katika jiometri wako mbali kabisa.

Juu ya kompyuta nitasema machache, kwa sababu hilo wengi wenu mnalijua kuliko mimi. Kompyuta inayohifadhi namba kwa biti 32 inaishia 4,294,967,295. Ukiipa namba yetu na ikatupa kinachozidi, inaiona kuwa 1. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, zile za biti 32, haziwezi kuzidi 4,294,967,296, pungufu ya idadi ya watu duniani, na ndiyo sababu ulimwengu unahamia kwenye anwani ndefu zaidi. Na 65,537, tasa ya mwisho ya Fermat tunayoijua, inafanya kazi kila siku: saini za vyeti vingi vya usalama kwenye tovuti hukaguliwa kwa kupandisha namba kwa kipeo cha 65,537. Imechaguliwa kwa sababu kupandisha kwa kipeo hicho ni rahisi. Unazidisha namba kwa yenyewe mara 16, kisha mara moja zaidi kwa namba uliyoanza nayo.

Na je, ukoo wenyewe uliishia wapi? F6 ni 18,446,744,073,709,551,617. Thomas Clausen alivipata vigawo vyake na kumwandikia Gauss mwaka 1855, lakini barua ile haikujulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1880 Fortuné Landry, mzee aliyepita miaka 80, alivipata upya kwa mkono: 274,177 na 67,280,421,310,721. Zote mbili, mkitaka kuhakikisha, zinabakiza 1 kwa mafungu ya 256, kama kanuni ya Lucas inavyodai. F7 ina tarakimu 39, nayo ilisubiri mpaka mwaka 1970, ilipovunjwa na Michael Morrison na John Brillhart kwa kompyuta. F8 ilifuata 1980, F9 ikafuata 1990. F10 na F11 nazo zimeshavunjwa zote. F12 ina vigawo sita vinavyojulikana, lakini kilichobaki ndani yake si tasa na hakuna aliyeweza kukivunja.

Hapo ndipo kipimo cha Pépin kinapoonyesha nguvu yake. F20 na F24 tunajua kwa hakika si tasa, na hakuna binadamu anayejua hata kigawo kimoja cha F20 wala cha F24. Kuanzia F5 hadi F32 zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Namba tano za mwanzo ni tasa, na baada yake hatujaona tasa nyingine hata moja. Wanahisabati wengi wanaamini hazipo tena. Mimi pia naelekea huko, lakini kuamini kwangu kuna uzito uleule wa kuamini kwa Fermat mwaka 1640, kwa sababu uthibitisho sina.

Ya kwanza ambayo bado haijulikani kama ni tasa ni F33. Kuiandika kunahitaji tarakimu 2,585,827,973, na kuipima kwa njia ya Pépin ni kazi ambayo mitambo ya leo bado haijaimaliza. Njia iliyo karibu ni ile ya Euler na Lucas: kutafuta kigawo. Kila kigawo tasa cha F33 lazima kibakize 1 kwa mafungu ya 34,359,738,368. Ukishachagua namba moja ya aina hiyo, kuijaribu si kazi kubwa. Unaanza na 2, unazidisha kwa yenyewe, unachukua baki, unazidisha tena. Kwa F5 na 641 tulizidisha mara 5. Kwa F33 utazidisha mara 33, na baki la mwisho likitoka pungufu ya namba uliyochagua kwa 1, umepata kile ambacho kila aliyekitafuta hadi sasa amekikosa. Wanaoitafuta leo wanaendesha programu ya hatua hizohizo kwenye kompyuta za kawaida, na karatasi niliyoiweka mlangoni ina hatua zote pamoja na mfano wa 641 wa kupima kama programu yako inasema kweli.